Rotaveta kwa trekta la umri: anza na klachi, upana baadaye

"Hii inafunga trekta lolote." Kauli hiyo utaisikia kila unapoulizia rotaveta, ile zana ya trekta inayosaga udongo kwa visu vinavyozunguka, na muuzaji hasemi uongo. Pini zitaingia, shafti itavaa, zana itanyanyuka. Lakini kufunga ni jambo moja na kuchukuana ni jambo jengine. Rotaveta ya mita 1.75 yenye rangi mpya inayong'aa itafunga vizuri nyuma ya Massey Ferguson 135, na ikishushwa kwenye kinamo, udongo mzito unaonata, la bonde la Cheju, Unguja, trekta litatoa moshi mweusi, klachi itaanza kunuka, na dereva atalazimika kuinyanyua kila hatua kumi ili injini isizime.

Makala haya ni kwa mwenye trekta la umri: Massey 135 au 240, Ford 3000 na wenzao. Anataka kuacha kungoja zamu ya kuburugiwa, yaani kusagiwa udongo, kila Masika inapokaribia, awe na rotaveta yake mwenyewe. Mtu huyo kwa kawaida huuliza bei kwanza, kisha upana. Sisi tunasema aanze na klachi.

Klachi ya trekta

Washa injini, iache ingurume polepole bila kuongeza mafuta. Tia PTO, ile shafti fupi yenye meno sita inayotokeza nyuma, chini ya kiti, na kupeleka nguvu ya injini kwenye zana, na mwombe mtu aitizame akiwa amesimama mbali, pembeni. Weka gia ya chini kabisa, liache trekta litembee, halafu kanyaga klachi taratibu. Ikiwa katikati ya safari ya pedali trekta linasimama lakini shafti bado inazunguka, na inasimama pale tu unapokanyaga hadi chini, una klachi ya hatua mbili. Ikiwa vyote vinasimama kwa pamoja, una klachi moja. Jina la trekta halitoshi kukujibu, kwa sababu 135 zilitoka kiwandani za aina zote mbili, na Ford 3000 vivyo hivyo. Isitoshe, klachi ya hatua mbili iliyorekebishwa vibaya huwa kama klachi moja: hatua ya kwanza inapotea na dereva anabaki akidhani trekta lake ndivyo lilivyozaliwa.

Kwa nini jambo hili lije kabla ya yote? Ukiwa na klachi moja, kila unapokanyaga, visu navyo vinapoteza nguvu. Umefika kwenye tope zito unataka kusimama kidogo visu vijisafishe: haiwezekani. Unataka kuinyanyua rotaveta huku trekta limesimama: nayo haiwezekani, maana kwenye Massey za zamani pampu ya haidroliki iko ndani, nyuma, na inazungushwa na mstari huohuo wa PTO. Klachi ikikanyagwa chini, pampu inasimama.

Hatari kubwa zaidi ni kusukumwa. Visu na mhimili wake ni chuma kizito kinachozunguka. Ukikanyaga klachi moja, injini imeachana na giaboksi ya trekta, lakini visu bado vinazunguka na sasa vinaizungusha giaboksi kutokea nyuma. Unaliendea tuta, mguu uko kwenye klachi, na trekta bado linakwenda. Kwenye vijibonde vyembamba vya Pemba, ambako mwisho wa kipande ni mtaro au ukingo, nusu mita ni nyingi. Dawa yake ni kifaa kinachovalishwa kwenye meno ya PTO na kufanya kazi kama friwili ya baiskeli: injini inaizungusha rotaveta, rotaveta haiwezi kuirudishia injini. Si cha bei kubwa ukilinganisha na rotaveta yenyewe. Kumbuka tu kwamba kinaongeza urefu, mara nyingi sentimita nane hadi kumi, kwa hiyo kifungwe kabla hujapima wala kukata shafti.

Jambo jengine la Massey: wenzo wa PTO una sehemu tatu. Katikati ni huru, upande mmoja PTO inafuata injini, upande wa pili inafuata mwendo wa magurudumu. Huo wa pili si wa rotaveta. Visu vitazunguka kwa kasi ya tairi, na ukirudi nyuma vitazunguka kinyume.

Nguvu iliyobaki, si iliyoandikwa

Massey 135 likiwa jipya lilitoa takriban nguvu ya farasi 38 kwenye PTO. Lilianza kutengenezwa mwaka 1964. Injini iliyokwishafanyiwa ovahoo mara mbili tatu, yenye pampu ya dizeli iliyochoka, ihesabie 30, na usione haya. Kanuni ya kazi ni kwamba kila mita moja ya upana wa rotaveta inataka farasi 25 kwenye udongo wa wastani. Kichanga kitaridhika na 20. Kinamo, khasa likiwa halijachimbwa kwanza kwa plau, litataka 30 na zaidi. Gawa mwenyewe: 30 kwa 25 ni mita 1.2. Kwa hiyo rotaveta ya 135 lililochoka ni ya mita 1.25. Ya mita 1.5 itafaa kwenye kichanga, au kama injini imefunguliwa karibuni na ina nguvu zake. Ya 1.75 waachie wenye 165 na Ford 5000.

Hapo hutokea pingamizi, na ni pingamizi la haki: rotaveta ya 1.25 haifuniki alama za matairi. Magurudumu ya nyuma ya 135 hata yakisogezwa ndani kabisa, kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya jengine ni sentimita 122. Ongeza upana wa tairi, kama sentimita 30, na ukingo wa nje hadi ukingo wa nje unakuwa sentimita 152. Pima la kwako kwa futi kamba, maana wengi wameyatanua bila kujua.

Jibu si kununua pana zaidi. Jibu ni kuisogeza kulia. Rotaveta nyingi zina fremu inayolegezwa kwa bolti na kusogea kwenye bomba la juu. Nyingine zimetengenezwa giaboksi isikae katikati. Isogeze mpaka ncha yake ya kulia iwe sawa na ukingo wa nje wa tairi la kulia, kiasi cha sentimita 13 au 14. Kisha ulizungukie shamba ukianzia kingoni, ukikata kona za kushoto, ardhi iliyoburugwa ibaki kuliani kwako daima. Tairi la kulia linafutwa na visu vinavyolifuata. La kushoto linakanyaga ardhi mbichi ambayo mzunguko ujao utaifikia. Hakuna alama inayobaki. Kwa shafti ya urefu wa sentimita 60, kusogea huko kunaipinda kwa nyuzi kama 13 upande mmoja. Krosi, yaani viungio vya ncha za shafti, zinavumilia, mradi usiongeze pembe nyingine kubwa ya juu na chini.

Mwendo

Tatizo la matrekta ya zamani ni kwamba gia yao ya chini kabisa haiendi polepole vya kutosha kwa udongo mgumu, na dereva hupunguza mafuta ili atambae. Akifanya hivyo PTO nayo inashuka. Rotaveta imeundwa kwa mizunguko 540 kwa dakika, na geji ya Massey nyingi ina alama inayoonyesha injini iende kiasi gani kuipata. Iweke injini kwenye alama hiyo, kisha tafuta gia.

Kasi utaipima kwa miguu na saa. Weka vijiti viwili umbali wa mita 20. Ukivuka kwa sekunde 24 unakwenda kilomita 3 kwa saa. Kwa sekunde 36, kilomita 2. Kwa 18, kilomita 4. Mhimili wa visu kwa kawaida huzunguka kama mara 200 kwa dakika, na kila sahani inayovishika ina visu vitatu vinavyoelekea upande mmoja na vitatu upande wa pili. Kwa kilomita 3 unasogea mita 50 kwa dakika, na kila kisu kinameza sentimita 8 za udongo. Hilo ni bonge linalosagika. Kwa kilomita 5 kinameza karibu 14, na ndiyo maana anayekimbiza anaacha mabonge kama matofali huku injini inalia. Kwa kilomita 2 ni chini ya 6, laini ya kuatikia mbegu. Kwa kipande cha muhogo au mboga kwenye kichanga usifike huko: udongo uliosagwa kama unga ukipigwa na mvua ya kwanza ya Masika hufanya ganda juu, na mche hautoki.

Mikono na shafti

Pini za mikono ya chini ya 135 ni za daraja la kwanza, unene wa milimita 22, na ya mkono wa juu ni milimita 19. Rotaveta nzito huja na za daraja la pili, 28 na 25. Pini nyembamba kwenye tundu pana itiwe bushi. Isiachwe ikicheza, kwa sababu inakula tundu na kila mtikisiko unaishia kwenye krosi. Minyororo ya pembeni ya kuzuia kuyumba ikazwe, ibakishe mchezo wa sentimita moja au mbili tu. Wengi wanaivua kwa ajili ya plau na hawairudishi.

Massey ina wenzo mbili za haidroliki. Tumia ule wa kimo, siyo ule unaohisi uzito wa mvuto. Huo wa mvuto unasubiri zana ivutwe na ardhi, na rotaveta haivutwi: visu vyake vinalisukuma trekta mbele. Ukiutumia, zana itakuwa inapanda na kushuka bila mpango. Kina kiamuliwe na viatu vya pembeni, vile vyuma vinavyoteleza juu ya ardhi, na rotaveta ilale juu yao.

Sasa shafti, ambayo ndiyo inayoharibiwa zaidi siku ya kwanza. Shafti inayokuja na rotaveta mpya karibu kila mara ni ndefu kupita kiasi kwa trekta fupi. Ukiifunga hivyohivyo na kunyanyua, mabomba mawili yanagota mwisho na nguvu yote ya haidroliki inaisukuma beringi ya PTO ndani ya trekta. Hapo hujavunja rotaveta, umevunja trekta.

Fanya hivi. Funga rotaveta kwenye mikono mitatu bila shafti. Inyanyue na uishushe taratibu mpaka PTO na shafti ya giaboksi ya rotaveta zitazamane kwa umbali mfupi kuliko wote. Mara nyingi ni pale zinapokuwa usawa mmoja. Izuie hapo kwa magogo, zima injini, toa ufunguo. Vuta shafti itoke vipande viwili, chomeka kimoja kwenye trekta na kimoja kwenye rotaveta, uvilaze sambamba. Tia alama ili baada ya kukata ibaki nafasi ya sentimita mbili na nusu kabla ya kugota. Kata kiasi kilekile kwenye bomba la ndani, bomba la nje na plastiki zake zote mbili. Piga tupa kingo mpaka kidole kikipita kisikwaruzwe, futa vumbi la chuma, paka grisi. Halafu pima upande wa pili: zana ikiwa chini kabisa kazini, mabomba yaingiliane angalau sentimita 15. Yakiwa pungufu, tafuta shafti nyingine.

Unaporudisha, tizama uma (panda ya chuma inayoshika krosi) wa mwisho mmoja na uma wa mwisho wa pili: ile ya upande wa ndani ilale sawia, kama mikono miwili iliyoelekea upande mmoja. Ikipishana, shafti inapiga na krosi hazifiki mwisho wa msimu. Kisha rekebisha mkono wa juu mpaka shafti ya giaboksi ielekee sawa na PTO wakati visu viko ardhini. Mwisho wa kipande nyanyua sentimita 20 au 25 tu. Weka kizuizi kwenye njia ya wenzo ili dereva asipitilize, na ikiwa lazima kunyanyua juu, toa PTO kwanza.

Usiuvue mfuniko wa plastiki. Kwa mizunguko 540 shafti inazunguka mara tisa kwa sekunde, na bomba la unene wa sentimita sita linakunja zaidi ya mita moja na nusu ya kitambaa katika sekunde hiyo moja. Huo ni urefu wa kanga nzima. Mabondeni kwetu kuna kina mama wanaopanda kipande cha jirani, na watoto wanaofuata trekta pamoja na yangeyange. Asikaribie mtu. Wala asipandishwe mtu juu ya rotaveta iwe uzito, hata kama ardhi ni ngumu na visu havizami.

Klachi ya usalama

Kati ya shafti na giaboksi kuna kilinzi. Aina moja ni bolti inayokatika. Kichwani imechorwa daraja lake, mara nyingi 8.8. Ikikatika mara kwa mara, sababu ni mwendo, kina au jiwe. Kuweka ya 10.9 "isisumbue" ni kuhamisha kuvunjika kutoka kwenye bolti hadi kwenye jino la gia.

Aina ya pili ni sahani za msuguano zilizobanwa kwa springi, na hii inataka macho zaidi huku kwetu. Hewa ya chumvi inaingia bandani miezi yote zana imekaa, na sahani zinashikana kwa kutu zikawa kipande kimoja. Kwa nje haina kasoro yoyote. Siku visu vinapogonga kisiki cha mnazi ndipo unapojua kwamba ulinzi haukuwapo. Kabla ya kila msimu chora mstari wa rangi unaokatiza sahani zote. Legeza kila nati ya springi mizunguko miwili, ukihesabu. Shusha visu vizame ardhini trekta likiwa limesimama, hakikisha hakuna mtu karibu, tia PTO sekunde mbili au tatu, toa. Mstari ukikatika, sahani zimeachana. Kaza mizunguko miwili ileile. Usipokatika, ifungue, uzisugue kwa msasa, na zile zilizolika zibadilishwe.

Visu, na bonde lenyewe

Rotaveta ya mita 1.25 huwa na visu 30 hadi 36, nusu vya kushoto na nusu vya kulia, vimepangwa kwa mzunguko kama ngazi ya duara ili visigonge ardhi vyote kwa pamoja. Unapobadilisha, toa kimoja, tia kimoja. Ukivivua vyote utapoteza mpangilio, na zana itaruka kama mbuzi. Makali ndiyo yatangulie kugusa ardhi, siyo mgongo wa kisu. Saa moja baada ya kuanza kazi, simama ukaze bolti zote tena. Visu vyenye umbo la L vinafaa kwa kinongo, ule udongo mwekundu, na kichanga. Kwenye kinamo la maji, vilivyopinda kama mundu vinabeba tope kidogo na vinaiachia injini pumzi. Kwenye maweni na uwanda, ardhi yenye udongo mwembamba juu ya mawe, usiishushe kabisa, mwamba uko chini ya kiganja.

Kinamo lililokauka lichimbwe kwanza kwa plau, ndipo liburugwe. Kwenye bonde lenye maji, acha sentimita 5 hadi 10 juu ya udongo; pakikauka nusu, tope linakunja mhimili wote. Bamba la nyuma lishushwe lisawazishe. Palipo na ndago au mpunga mwitu, visu havitibu: vinakatakata mizizi na kuipanda upya bonde zima, kwa hiyo ing'olewe au ichimbuliwe ikaukie juani kabla.

Rotaveta ya 1.25 ina uzito wa kilo 300 hadi 400, na trekta lenyewe ni kama tani moja na nusu. Ukiinyanyua ukageuza usukani na trekta likaendelea moja kwa moja, ujue mbele yake ni pepesi. Funga uzito wa chuma mbele kabla ya kupanda kilima chochote cha Pemba, na mlima mkali upandwe kinyumenyume. Safisha radieta kila mchana, kwani kazi hii ni ya mwendo mdogo na injini nzito, na makapi hujaa haraka.

Jioni, kabla tope halijakauka, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, siyo ya pwani, kisha kata nyasi na kamba zilizojiviringa kwenye ncha mbili za mhimili. Hizo ndizo zinazokata oili sili, ile mipira inayozuia oili isivuje. Fungua nati ya kupimia oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Imwage yote, badilisha sili, na ujaze oili ya gia namba 90 mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu. Aliye Pemba anunue sili za pande zote mbili, krosi moja na visu kumi siku ileile anaponunua rotaveta, maana spea ikikosekana Chake Chake, bonde litangoja meli.